Kodi ya Marehemu

Marcellin alikuwa mtu wa kufuata sheria hadi watu wakamcheka. Vijana wenzake kutoka Bukavu, waliokuwa wakisoma naye Louisville, walikatiza barabara popote. Yeye alisimama ukingoni akingoja taa ibadilike, hata kama hakuna gari mbele wala nyuma. Kila Machi aliondoa sahani mezani katika nyumba ndogo aliyopanga Shively, akawaita wenzake wenye visa ya masomo, akawasaidia kujaza fomu za kodi. Walikuja wakinung'unika. Mwanafunzi analipwa kidogo na chuo kwa kuwafundisha vijana wa mwaka wa kwanza na kusahihisha mitihani yao, halafu serikali nayo inataka aeleze alichopata!

"Sisi ni wageni," Marcellin aliwaambia. "Mgeni akila kwa mtu, anasema aksanti mbele ya kutoka. Kodi ndiyo ile aksanti."

Mkewe, Chimène, aliwachemshia chai akawasikiliza. Naye alikuwa na karatasi yake ya kutia sahihi, ingawa visa ya mke wa mwanafunzi haikumruhusu kufanya kazi yoyote, na hakuwa ameshika senti ya jasho lake tangu atue nchini. Mara ya kwanza aliangua kicheko.

"Miye siko na kitu. Nitatangaza nini?"

"Unatangaza kwamba uko," Marcellin akasema, akamwonyesha mahali pa kuandika jina.

Ndivyo walivyoishi, wawili, bila mtoto bado, wakingoja Marcellin amalize shahada yake ya uhandisi wa maji ili warudi Bukavu akatengeneze mabomba ya mtaa wa Kadutu, ambayo alipenda kusema yanapitisha upepo kuliko maji. Kisha figo za mama yake zikaharibika.

Ilikuwa Agosti ya mwaka 2014. Simu ilitoka kwa kaka yake mkubwa, Bagula. Yeye hakuja Marekani kwa masomo. Alikimbia vita, akakaa kambini Uganda miaka mingi, akaletwa kama mkimbizi, na sasa aliishi Hilliard, pembeni mwa jiji la Columbus, pamoja na mkewe Cibalonza na watoto wao, akifanya kazi kiwandani. Baba yao alikwisha kufa huko kambini, kwa hiyo neno la Bagula ndilo lililokuwa neno la baba.

"Petit, mdogo wangu, mama iko anakufa," alisema Bagula. Simu ilikuwa mezani, sauti imefunguliwa, na Chimène alisikia kila kitu. "Badaktari ba Bukavu banasema bamupeleke Kigali. Miye nimeshatoa yote. Niko na watoto ine. Sasa weye, mwenye diplome, unasema hauna?"

"Kaka, visa yangu haikubali nifanye kazi inje ya chuo."

"Bon. Na nani atakuuliza? Mushagalusa, ule tulisoma naye primeri, iko chefu kwa depo moja kule Okolona. Nilishaongea naye. Utaingia magaribi, asubui unaenda kusoma."

"Kaka, sheria…"

"Mama aliuzisha shamba ya baba juu weye usome, Marcellin. Ulisahau?"

Bagula alipokata simu, Marcellin alimtazama mkewe kama mtu anayeomba ruhusa ya kuiba. Chimène alimfikiria mama mkwe wake, aliyemfunga kitambaa kichwani kwa mikono yake mwenyewe siku ya harusi, akamnong'oneza kwamba hakuzaa binti lakini leo amepata.

"Enda," akasema.

Akaenda. Ghala lile la Okolona lilikuwa kubwa kuliko kanisa kuu la Bukavu, na kazi yake ilikuwa kupanga maboksi juu ya maboksi ndani ya matrela. Alirudi nyumbani akinuka karatasi ngumu na gundi, ngozi ya vidole imepasuka. Akaoga, akanywa chai, akapanda basi kwenda chuoni. Alianza kusinzia darasani alipokuwa akifundisha, na vijana wakacheka. Profesa wake alimwita, akamuuliza kama anaumwa. Alisema hapana. Fedha ilikwenda Kigali. Kufikia Noeli, mama aliweza kuketi kitandani na kunywa uji, naye akapiga simu kuwabariki wote wawili, akilitamka jina la Marcellin mara nyingi mfululizo kama mtu anayeonja kitu kitamu.

Asubuhi moja ya Januari, theluji ikiwa nyembamba kama unga uliomwagika barabarani, gari kuukuu ambalo Marcellin alilitumia kwenda ghalani usiku liliingia chini ya trela lililoegeshwa kando ya njia, si mbali na ghala. Chimène alikuwa akimpashia maharagwe. Polisi wawili walibisha hodi, mwanamume na mwanamke, nao walivua kofia kabla ya kusema neno. Kiingereza chote alichokuwa amejifunza kilimtoroka. Alielewa kitu kimoja tu, kwa sababu yule mwanamke alikirudia polepole: hapakuwa na alama za breki. Dereva alikuwa amelala.

Kusafirisha mwili hadi Bukavu kulikuwa nje ya uwezo wao. Wakristo wa Kikongo wa Louisville walichanga, kwaya ikaimba kwa Mashi, lugha ya kwao, na Kiswahili makaburini, ardhi ikiwa ngumu hadi mashine ililia kuichimba. Juu ya kaburi wenye kampuni ya mazishi walichomeka kibao cha bati chenye jina, na jina lilikosewa herufi. Chimène alilitazama kosa lile muda wote wa sala. Alijiahidi kwamba siku moja ataweka jiwe, jina likiandikwa vizuri.

Bagula alikuja kutoka Hilliard akashika kila kitu, kama ilivyompasa mkubwa wa familia. Ni yeye aliyezungumza na mama. Alitoka nje akasimama karibu na magari, na Chimène, aliyemfuata kumpelekea koti, alimsikia akisema:

"Ni moyo, mama. Moyo ulisimama. Alikuwa anasoma kitabu."

Alipogeuka akamwona shemeji yake pale na koti mkononi, alinyoosha mkono akalichukua. Alilivaa tu.

Jioni ile alikusanya karatasi zote za Marcellin ndani ya boksi, akasema atapanga mambo yote mwenyewe, akalipakia garini pamoja na sanduku la Chimène. Mwanamke hawezi kubaki peke yake Shively bila gari, bila kazi, bila mume. Wakaondoka kuelekea Columbus.

Mwaka mzima Chimène aliishi Hilliard katika chumba cha mabinti wa Bagula. Hakuteswa. Cibalonza alimpa chakula kwanza kabla ya kujipakulia yeye mwenyewe. Watoto walimwita mama mdogo, wakimjibu Kiingereza kila aliposema Kiswahili. Lakini visa yake ilikufa siku ile ile aliyokufa mumewe, maana alikuwa nchini kwa jina la mumewe tu, na tangu hapo aliishi kama mtu aliyesahauliwa kituoni. Alipika, alifua, alikunja nguo. Mama alipopiga simu kutoka Bukavu kumlilia mwanawe, kila mara alisema maneno yale yale: Mungu alimpenda mtoto wangu, alimchukua akiwa na kitabu mkononi. Bagula alijibu, "Ndiyo, mama," akatoka chumbani.

Hakuna aliyelitaja ghala. Hilo ndilo lililomla Chimène ndani kwa ndani. Miezi ile ya maboksi, vidole vilivyochanika, usingizi wa kwenye basi, yote yalikuwa yamefutwa, na mahali pake pamewekwa mtu msafi aliyekufa kwenye kiti akisoma. Mtu huyo yeye hakumjua. Hakuwahi kulala naye.

Mapema mwaka 2016 alipigiwa simu na mama mmoja wa ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya kile chuo cha Louisville. Aliitwa Donna, naye alihudhuria mazishi. Alitaka kumsalimu tu. Katikati ya salamu akauliza kama kuna mtu aliyepeleka kodi ya mwisho ya Marcellin.

"Mtu akifa, bado anapeleka?" Chimène akashangaa.

Donna alimwambia ndiyo. Mwaka mzima wa mwisho aliofanya kazi lazima utolewe maelezo, na mke anaweza kutia sahihi kwa niaba yake. Hata yeye Chimène alikuwa na karatasi yake ya mke wa mwanafunzi, ile isiyo na mapato. Muda umepita sana, akasema Donna, lakini kuchelewa si kama kukataa. Tena huenda kuna fedha kidogo ya kurudishiwa, maana chuo kilimkata kodi kila mwezi.

Chimène aliliwazia jiwe la kaburi. Jioni, familia ikiwa mezani, alimwomba Bagula lile boksi.

"La nini?"

"Kodi ya Marcellin. Haikufanywa."

Bagula aliendelea kuumega ugali, lakini hakuupeleka mdomoni. "Marehemu halipi kodi, shemeji. Wacha bale bamekufa bapumuzike."

"Chuo kimenipigia. Wanasema ni lazima."

"Ile boksi ilipotea."

"Ilipotelea wapi?"

"Nilisema ilipotea!" Watoto waliacha kula. Bagula alitazama tonge mkononi mwake, akalirudisha kwenye sahani, akaenda kuosha mikono, na maji yakasikika yakitiririka muda mrefu kuliko mikono ya mtu mmoja inavyohitaji.

Ndipo Chimène alipokata shauri la kuondoka. Rafiki yake wa utotoni, Leya, ambaye walipata komunyo ya kwanza pamoja, aliishi Buffalo na alikuwa akimwambia siku nyingi kwamba kule kuna mawakili wa bure wanaosaidia watu wasio na karatasi kuomba hifadhi. Bagula aliposikia hakumzuia. Alisema tu kwamba barabara ya Buffalo ina theluji mbaya.

Siku ya safari Bagula alikuwa kazini. Cibalonza alimwita Chimène gereji. Alisogeza matairi ya zamani, akavuta boksi lililofunikwa kwa blanketi la mtoto.

"Yaya, dada yangu, si alisema ilipotea?"

"Hakudanganya yote," alisema Cibalonza. "Kwake ilipotea. Hawezi kuigusa. Siku moja ya mungu, tulipotoka misa, nilikuja kutafuta mafuta ya gari, nikamukuta hapa chini, ameikumbatia, analia kama mtoto. Nilirudisha mulango polepole. Hajui kama nilimuona." Alimpangusia boksi vumbi kwa kanga. "Beba. Pengine ikitoka humu nyumbani, atalala."

Alimpeleka hadi kituo cha mabasi katikati ya Columbus, akamkumbatia.

Huko Buffalo, Leya alimpokea katika nyumba ya ghorofa ya juu upande wa magharibi wa mji, dirisha likitazama mtaa ambapo Wakongo, Waburma na Wasomali walisukuma theluji kila mmoja mbele ya mlango wake. Wakili alimpokea, akachukua maelezo yake, akaanza kazi. Kuhusu kodi, Leya alimwelekeza kwenye ukumbi wa chini wa kanisa moja, ambako Jumamosi watu wa kujitolea walisaidia wageni kujaza fomu.

Msichana aliyemhudumia huko aliitwa Uwera. Alisomea uhasibu. Wazazi wake walitoka milima ya juu ya Uvira, naye alikulia Bujumbura, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko cha Bukavu. Chimène alisita kidogo kusikia jina lile. Huko nyumbani watu wa milima ile na watu wa kwao walikuwa wametiliana shaka tangu enzi za babu zao. Uwera naye alikusoma kule kusita usoni mwake. Alimvutia kiti.

"Karibu, dada. Ni fomu ya nani?"

"Ya mume wangu. Alifariki."

"Pole sana. Alifariki lini?"

Chimène alitaja tarehe. Uwera alitafuta fomu ya wageni ya mwaka wa 2014, uliotangulia kifo, maana kila mwaka una fomu yake, akaigeuza imtazame Chimène.

"Hapa juu kabisa tunaandika kwamba ni marehemu, na siku aliyofariki. Nikuandikie, au utaandika mwenyewe?"

"Nitaandika."

Hakujua namna ya kuliandika neno lile kwa Kiingereza. Uwera alimtajia herufi moja moja, naye Chimène akaziandika moja moja, kwa mkono wa mtoto wa shule. Mwaka na zaidi ulikuwa umepita, alikuwa ameona jeneza, ametupa udongo, amenyoa nywele. Lakini alipomaliza herufi ya mwisho na kuiona juu ya jina la Marcellin, ilikuwa kama kwamba hadi dakika ile alikuwa akimficha mahali fulani, na sasa amemtoa. Aliweka kalamu chini, akalia. Uwera alisubiri, bila kumwambia anyamaze.

Kisha wakafungua boksi. Mlikuwa na karatasi mbili za mshahara: moja ya chuo na moja ya ghala la Okolona. Uwera aliishika ya pili muda mrefu.

"Alikuwa na ruhusa ya kazi hii?"

"Hapana."

"Sawa. Kwa kodi, kazi ni kazi, iwe na ruhusa au isiwe nayo." Aliandika, akafuta, akapiga hesabu upya. "Nitakuambia ukweli, dada. Tukiweka ya chuo peke yake, serikali itakurudishia kitu. Tukiweka na ya ghala, hakuna kinachorudi. Huko walimkata kidogo mno, kama raia. Utadaiwa, si sana, na faini ya kuchelewa juu yake."

"Na nikiiacha?"

"Serikali inayo nakala yake. Watauliza leo, au mwakani, au wasiulize kabisa. Mimi siwezi kuiacha. Lakini kuna watu mtaani hapa wanajaza kwa malipo na hawaulizi maswali. Unaweza kwenda kwao, sitakuhukumu. Kwanza muulize wakili wako."

Wakili alipoulizwa alisema kosa lilikuwa la marehemu, si la mjane, na kwamba ukweli hautamdhuru. Kwa hiyo shauri lilibaki la Chimène peke yake. Siku zilizofuata alitembea nalo. Alipofunga macho aliliona jiwe, jeusi, limesuguliwa, jina limeandikwa sawasawa. Alipoyafumbua aliona ile karatasi ya Okolona mezani kwa Leya, karatasi pekee duniani iliyokiri kwamba Marcellin alikesha, alibeba, alichoka. Ikiachwa nje, basi hata serikali itaungana na wale waliosema alikufa akisoma.

Alimweleza Cibalonza kwa simu kwamba ataiweka. Labda Cibalonza alimweleza mumewe, labda mumewe alisikia mwenyewe, kwa kuwa Jumapili, watu wakitoka kanisani, Bagula alikuwa amesimama mbele ya mlango wa Leya, gari lake limechafuka chumvi ya barabarani hadi juu ya vioo. Alikuwa ameendesha kutoka Hilliard tangu alfajiri.

Leya alimkaribisha ugali wa fufu na mboga ya sombe. Alikataa. Leya akaelewa, akachukua mtoto wake, akaenda kwa jirani. Bagula alikaa bila kuvua koti.

"Bon. Unataka kuandika ile depo."

"Ndiyo, shemeji."

"Juu ya nini? Mtu amekwisha kufa. Nani anakuuliza?"

"Ndivyo ulivyomwambia na yeye."

Bagula aliinamisha kichwa kama aliyepigwa, kisha akakiinua. "Na weye? Haukumwambia aende? Marcellin mwenyewe aliniambia. Chimène amekubali, alisema. Kama Chimène amekubali, nitaenda."

"Nilisema aende," alijibu Chimène. "Sijakataa. Nilisema enda, na akaenda, na kazi ikamuua. Sasa nataka iandikwe kwamba aliifanya."

"Ukiandika depo, umeandika kama miye nilimuua."

"Jina lako haliko, shemeji. Nimesoma karatasi zote, mbele na nyuma. Hakuna mahali pa jina lako."

Alidhani atamtuliza. Badala yake uso wa Bagula ulivunjika. Mwanamume yule mnene, aliyezika baba kambini bila kudondosha chozi mbele ya watu, alijifunika macho kwa viganja.

"Basi bangeweka," alisema. "Donc, bangeweka mahali. Mutu aandike pale. Miye kila siku ninaamka, ninaenda kazi, ninarudi, hakuna mwenye kuniuliza. Hakuna hata mumoja."

Chimène hakumgusa. Alimwacha hadi alipomaliza, kisha akamletea maji. Aliyanywa yote.

"Mama anajua moyo tu," Chimène akasema. "Mpigie."

"Atakufa."

"Ni mama yake. Amemzaa. Hajui hata mtoto wake alikufaje."

Kule Bukavu ilikuwa jioni. Mama aliitika mara moja, kwa furaha, maana si kawaida Bagula kupiga saa zile. Bagula alianza kwa Kiswahili, akakwama, akahamia Mashi. Alieleza yote: Kigali, Mushagalusa, ghala, trela. Hakujitetea. Alipomaliza, zilisikika sauti za watoto wa jirani kule Kadutu wakicheza nje.

Kisha mama akauliza kitu kimoja.

"Asubuhi ile alikuwa amekula?"

Bagula akampa Chimène simu. Chimène alijua jibu. Polisi walimrudishia mfuko wa Marcellin, na ndani yake kopo la chakula alilomfungia mwenyewe, wali na samaki, halijaguswa. Angeweza kudanganya. Ingekuwa rahisi, na pengine ingekuwa huruma.

"Hapana, mama," akasema. "Alikuwa bado kukula."

"Aksanti, mwanangu," mama akasema, na simu ikakatika.

Bagula aliondoka kabla ya giza. Mlangoni alisema atalipa kile kitakachodaiwa, yote, na Chimène asimkatalie. Hakumkatalia. Jumanne iliyofuata Chimène alitia sahihi yake kwa niaba ya mumewe, akaambatisha karatasi zote mbili za mshahara, akaweka na ile yake ya mtu asiyepata kitu, akapeleka bahasha posta. Karani aliipima, akaigonga muhuri, akaitupa kwenye kapu nyuma yake kama nyingine zote.

Serikali ilijibu katikati ya kiangazi. Ilikuwa kama Uwera alivyosema: deni dogo, faini juu yake, na riba. Barua haikuwa na neno la pole wala la lawama. Bagula alituma fedha siku ile ile. Kaburi la Louisville lilibaki na kibao chake cha bati, na wale wa kanisa walioahidi kulitazama walisema kimeanza kula kutu pembeni.

Lakini mama, tangu simu ile, hakurudi Kigali, alikokuwa akipelekwa kutibiwa mara kwa mara. Siku ya kusafirishwa ilipofika alivaa, akaketi mlangoni, na gari lilipokuja akasema haendi. Walimleta padri. Walimleta dada yake mkubwa. Bagula alipiga simu akalia, akaapa, akamsihi; mama alimsikiliza hadi mwisho, kwa adabu, kisha akampa mtu mwingine simu. Kufikia Septemba miguu yake ilikuwa imevimba asiweze kuvaa viatu.

Alikufa mwanzoni mwa mvua. Chimène alikuwa jikoni kwa Leya akichambua maharagwe simu ilipoita, naye alijua kabla ya kuitika, kwa sababu Bagula hakuwa amempigia tangu siku ile ya fufu.

"Mama ameenda," Bagula akasema.

"Shemeji…"

"Alikataa dawa mpaka mwisho. Babo bamama bote balimuomba. Alisema…" Alijaribu tena. "Alisema kwa ile dawa alishakula mtoto wake mara moja bila kujua. Hatamukula akiwa anajua."

Chimène aliketi chini, sakafuni, mishikio ya makabati ikimchoma mgongoni. Alitafuta neno la kumwambia, la pole, au la kuomba radhi, au la kumwuliza kama anamchukia. Alijiuliza kama mama angekuwa hai lau yeye angenyamaza siku ile; naye alijua jibu, na alijua pia kwamba kama siku ile ingerudi angesema tena mama apigiwe. Hayo mawili hayakupatana ndani yake, wala hayakupatana baadaye.

"Utaenda kuzika?" aliuliza mwishowe.

"Karatasi yangu ya uraia haijatoka. Nikienda, sijui kama nitarudia. Watoto…" Alikohoa. "Batanituma video."

Chimène alikaa na simu sikioni, akimsikia shemeji yake akipumua kule Hilliard, na nyuma yake Cibalonza akianza kulia na watoto wakiuliza kuna nini. Maharagwe yalikuwa yamemwagika sakafuni. Hakuyaokota, na Bagula hakukata simu.